Mhariri, hiyo "punguza mawazo" inafanywaje?

Mhariri,

Mbukwenyi hapo ofisini. Mimi ni fundi cherehani, nipo barazani Majengo hapa Dodoma. Gazeti lenu huwa nalisoma mteja akilisahau, siku nyingine linaishia kuwa paterni ya kola ila kwanza nalisoma lote mpaka tanzia, sasa juzi nimekutana na ule ukurasa wa afya mmeandika kuhusu presha, makala nzuri tu sina ugomvi nayo, chumvi imesemwa, mafuta yamesemwa, kutembea kwa miguu kumesemwa, hadi nafika kule chini kabisa kipengele cha mwisho kimeandikwa "epuka msongo wa mawazo", nukta, imeisha hiyo. Nikageuza karatasi nikidhani inaendelea nyuma. Nyuma kulikuwa na tangazo la viwanja.

Sasa naomba niulize, naepukaje? Chumvi najua ipo kwenye kopo, nikiamua nalifunika. Mawazo yapo kwenye kopo gani?

Na sio nyie tu, maana hilo neno nimeshaambiwa na kila mtu. Mwaka jana Januari nilikuwa na kazi za sare mpaka usiku, wazazi wote wanakumbuka shule inafunguliwa Jumatatu siku ya Ijumaa, mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo kama ilivyo siku hizi tangu mji uchangamke, nami nilikuwa nimeingia kwenye ile mikopo tunayoiita kausha damu, sitaitaja ni ya nani, laki tano tu lakini marejesho kila Alhamisi, yani wiki kwangu ilikuwa haina siku saba ilikuwa na Alhamisi tu na siku za kuisubiri. Shingo ikaanza kukakamaa. Nikidhani ni cherehani, nikabadilisha kiti, nikaweka mto, wapi. Usiku mke wangu ananiamsha ananiambia baba nanihii unasaga meno kama mtu anatafuna kokoto, asubuhi taya linauma hadi kutafuna ugali wa uwele naona kazi, na mlenda wenyewe ambao hautafunwi naumeza kwa shida.

Nikaenda zahanati. Wakapima presha wakasema imepanda kidogo sio ya kutisha, wakanipa vidonge vya maumivu kwenye kile kibahasha cha kaki, halafu wakaniambia "baba, punguza mawazo." Kwenye kibahasha vidonge vimeandikwa kabisa, kimoja mara mbili kwa siku tano. Mawazo hayakuandikwa nipunguze mangapi mara ngapi. Mchungaji nae kaniambia nisiwaze maana hata ndege wa angani hawapandi wala hawavuni, ni kweli ila ndege hawana marejesho Alhamisi. Rafiki zangu wa kijiwe cha kahawa wao ndo kabisa, et angalia usije ukapitiwa na gari la Mirembe. Hospitali ya Mirembe ipo hapahapa kwetu watu wanatoka mikoa yote kufuata matibabu ya akili, sisi tuliokaa jirani nayo tumeigeuza utani na matusi, mtu akisema tu kichwa kizito anachekwa, kwaiyo unakaa kimya unaendelea kusaga meno.

Aliyenisaidia hakuwa hata amekuja kunisaidia. Ni sista mmoja, nesi, mteja wangu wa magauni meupe, alikuja kubadilishiwa zipu akakaa kwenye benchi kusubiri. Akaniangalia weee, halafu akasema fundi, hayo mabega yako umeyatundika wapi? Nikacheka nikasema sista ndo nilivyoumbwa. Akasema haya leta futi. Akachukua futi yangu mwenyewe ile ya shingoni, akaweka ncha kwenye ndewe ya sikio akaishusha hadi begani, akasoma, nchi nne. Upande wa pili nchi nne kasoro kidogo. Akasema sasa yapandishe mabega yaguse masikio, yakaze, usiniangalie mimi, kaza kama umebeba debe la maji kila upande, na akawa anahesabu polepole moja mbili tatu hadi saba, nikahisi shingo inatetemeka, akasema achia. Usishushe taratibu, achia kama umekatwa kamba. Nikaachia. Akasema kaa hivohivo usifanye kitu sikiliza tu kunakuwaje, nikasikia kama joto linashuka kwenye mikono. Tukarudia mara tatu. Akapima tena, nchi tano na robo.

Mhariri mimi ni fundi, siamini maneno naamini futi. Nchi moja na robo ilikuwa imepotelea wapi? Nilikuwa nimeikunja mwenyewe pale begani miezi mingapi sijui, naitembeza nayo sokoni, nalala nayo, naenda nayo kanisani.

Baadae nikaja kusoma kwenye simu usiku usiku, na sista kila akija namuuliza, nikakuta hii kitu wala sio ya jana. Kuna daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, alianza kuchunguza mambo ya misuli na wasiwasi Harvard mwaka 1908, akaja akaendelea Chicago, 1929 akatoa kitabu chake. Hoja yake mimi nimeielewa hivi, mtu mwenye wasiwasi misuli yake imekaza hata kama yeye hajui, na misuli ikilegea kweli kweli wasiwasi unakosa pa kukaa. Kwaiyo yeye hakuhangaika kumwambia mgonjwa acha kuwaza, alimfundisha msuli mmoja mmoja, kutambua huu umekaza, huu umelegea. Njia yake ya mwanzo ilikuwa ndefu balaa, mtu anafundishwa miezi na miezi, ndo baadae akaja daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, miaka ya 1950 akaifupisha ikawa kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza akakifanya. Sasa tangu 1929 hadi leo ni karibu miaka mia, na mimi zahanati nimepewa maneno mawili.

Kwa nini mwili unakaza, hilo nalo linaelezeka bila digrii. Mwingine huko huko Harvard, Walter Cannon, alishaeleza zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba mwili ukihisi hatari unajiandaa mambo mawili, kupigana au kukimbia. Juu ya figo kuna vitezi vidogo vinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inahamishwa tumboni inapelekwa kwenye misuli, ndo maana mtu mwenye hofu hata chakula hakishuki. Babu yangu kule Bahi akichunga ng'ombe akakutana na fisi, ule mwili unafanya kazi yake, anarusha mkuki au anakimbia au anapiga kelele, jioni anasimulia kwenye moto kashalegea. Mimi fisi wangu anakuja kwa meseji. "Ndugu mteja unakumbushwa rejesho lako." Mwili haujui kusoma, unachojua hatari imekuja, unakaza kila kitu unasubiri amri ya kukimbia, nami nimekaa kwenye kiti nashona lupu ya mkanda. Amri haiji. Meseji inakuja nyingine.

Halafu inavyozunguka sasa, ubongo nao unapokea taarifa kutoka kwenye misuli, ukiona bado imekaza unasema ahaa kumbe hatari bado ipo, unaongeza. Hapo ndo nilipoelewa kwa nini kuambiwa tulia hakusaidii. Fundi yeyote anajua, uzi wa juu ukibana sana kitambaa kinajikunja na uzi unakatika kila hatua tatu, na hujawahi kumkuta fundi anaongea na uzi, we unashika kile kiskrubu cha pale mbele unalegeza robo mzunguko unajaribu tena kwenye kipande.

Cha ajabu lugha yetu ilishajua zamani. Nyie wenyewe wa magazeti, tena kurasa za michezo ndo usiseme, kila wiki mnatuandikia timu fulani tumbo joto, kocha kijasho chembamba, mashabiki roho juu, halafu wakishinda mnaandika washusha pumzi. Hamjawahi kuandika timu fulani ina msongo wa mawazo! Kwenye mpira mnajua kabisa kwamba presha inakaa tumboni na kwenye pumzi, mkihamia ukurasa wa afya mnaipandisha yote kichwani.

Na hiyo ya kushusha pumzi sio maneno tu. Ukivuta pumzi mapigo ya moyo yanaongeza kidogo, ukiitoa yanapungua, jishike mapigo hapo mkononi utayasikia. Kuna mshipa wa fahamu mrefu unatoka kwenye ubongo unapita shingoni unakwenda kwenye moyo hadi tumboni, wataalamu wanauita vagasi, kazi yake mojawapo ni kuuambia moyo punguza mwendo, na unafanya kazi zaidi wakati wa kutoa pumzi. Kwaiyo ukitoa pumzi ndefu kuliko uliyovuta unauvuta huo mshipa upande wako. Mtu mzima ametulia anapumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, mi sista alinifundisha kuvuta kwa hesabu nne na kutoa kwa hesabu sita, inakuwa sekunde kumi, kwa dakika mara sita tu. Nahesabu kwa pedeli. Cherehani yangu ya miguu, pedeli nne navuta, pedeli sita natoa, mteja akiniona anadhani nashona tu. Ila tumbo ndo liende mbele sio kifua, na hili nilikuwa nalijua tangu kwaya, mwalimu wetu wa sauti ya tatu alikuwa anatugonga tumboni na fimbo ya kuongozea anasema pumua hapa, hapa, mnaimba kwa makoo kama vifaranga. Sikujua kwamba alikuwa ananitibu.

Lipo na jambo la kutetemeka, hili nalitaja kwa tahadhari kwa sababu watu watacheka. Mwezi wa saba ule wa upepo, vumbi limejaa barabarani, bodaboda niliyopanda ikakoswa na fuso pale karibu na Sabasaba, tukaanguka pembeni hatukuumia. Miguu ikaanza kutetemeka yenyewe mapaja yote mawili. Watu wakanishika, kaa chini, tulia, mpeni soda, jikaze mwanaume. Nikajikaza, mtetemo ukaisha, na wiki nzima sikulala. Nilipomsimulia sista akasema kuna Mmarekani David Berceli ametengeneza mazoezi kabisa ya kuuita huo mtetemo, unachosha mapaja kwanza, kwa mfano unaegemea ukuta kama umekaa kwenye kiti ambacho hakipo, halafu unalala chali magoti juu unayaacha yatetemeke kadiri yanavyotaka, unaacha ukiona inatosha. Ushahidi wa kitaalamu wa hiyo bado ni mdogo ukilinganisha na ile ya kukaza na kulegeza, sista mwenyewe alisema hivo, na akasema mtu aliyepitia makubwa kama vita au kubakwa asijaribu peke yake chumbani, awe na mtu anayejua. Mi nimejaribu mara chache, nalala fofofo baada ya hapo. Lakini hata ukiacha hiyo, nataka tu kuuliza nani alitufundisha kwamba mwanaume akitetemeka ashikwe? Bibi zetu wa Kigogo wanapiga muheme, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mabega yanarushwa, shingo inarushwa, jasho linatiririka, wale ukiwaangalia saa wanapomaliza wanavyokaa chini ya mbuyu na kibuyu cha maji, hakuna bega lililopanda. Sisemi waliianzisha kwa ajili ya stresi, ngoma ina mambo yake na heshima yake. Nasema tu miili ile ilikuwa inapata pa kumalizia.

Basi ili nisije nikawa kama nyie, ngoja niandike inavyofanywa, mkipata nafasi mchape hata kama mtakata hayo mengine yote.

Usiku kabla ya kulala, lala chali au kaa kwenye kiti chenye egemeo, simu weka mbali, mi naipeleka jikoni kabisa. Anza na ngumi ya mkono wa kulia, kunja, kaza sekunde tano mpaka saba, sio mpaka iume, ukaze tu ujue umekaza, halafu achia kwa mara moja. Hapo sasa wengi wanakosea wanakimbilia mkono wa pili, hapana, kaa kama nusu dakika usikilize tofauti, maana dawa haipo kwenye kukaza ipo kwenye kuachia na kuijua hiyo hali ya kuachia ilivyo, ili kesho uko kwenye foleni ya benki ujue bega limepanda kabla halijafika sikioni. Kisha mkono wa kushoto. Kisha uso, finya macho kama umeingiwa na vumbi la Agosti, achia. Taya, bana meno kidogo tu, achia mdomo ubaki wazi ulimi ulale chini, usione aibu giza hilo nani anakuona. Mabega nimeshasema. Tumbo, kaza kama mtu anataka kukupiga konde. Mapaja, miguu, vidole vya miguu vikunje, ila hapo kwenye vidole na pajani nyuma nenda polepole misuli inaweza kukaza ikakataa kuachia, mi ilishanishika saa sita usiku nikaruka kitandani kama chura mke wangu kacheka mpaka asubuhi. Sehemu yenye jeraha au uliyofanyiwa upasuaji iruke. Yote ni kama robo saa. Siku ya kwanza utaona ujinga, siku ya pili utaona ujinga, mimi ilikuja kunikolea wiki ya tatu hivi, niligundua tu kwamba ni siku kadhaa sijaamshwa kwa ajili ya meno.

Na nisiwadanganye wasomaji, deni halikulegea. Nimelilipa kwa kuuza cherehani ya pili, ile ya ovaloki, na iliniuma, sasa ovaloki napeleka kwa jirani nalipia. Kulegeza misuli hakulipi kodi ya fremu wala hakuwafundishi wakopeshaji utu, na kama kuna mkubwa anasoma hapa, wakati wa Bunge la bajeti suti zenu nazishona mimi, hilo la kausha damu mlitazame. Pia mtu mwenye presha asiache vidonge vyake kwa sababu fundi kaandika gazetini. Na kifua kikibana, mkono wa kushoto unauma, jasho la baridi, hapo sio pa kukunja ngumi, ni hospitali na haraka. Na mtu ambaye wiki zinapita hataki kuamka, hataki kula, anawaza kufa, huyo apelekwe kwa wataalamu na kama ni Mirembe iwe Mirembe, na wale wa kijiwe wafunge midomo.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Mnapoandika tena kuhusu presha, kisukari, vidonda vya tumbo, na najua mtaandika, msimalizie na "epuka msongo" kama mtu anayefunga barua. Wekeni namna. Shirika la Afya Duniani 2020 lilitoa kijitabu cha kukabili msongo na kimejaa michoro, kukanyaga miguu sakafuni, kujinyoosha, kupumua taratibu, mtu anafuata picha, na nyie mna wachoraji wazuri wa katuni hapo wanachora vigogo kila siku, wachore basi mabega yakipanda na yakishuka. Robo ukurasa tu, hata pembeni ya viwanja. Na ndugu zangu wa zahanati, najua mstari nje ni mrefu na mko wawili, sista yule alitumia muda wa kubadilishia zipu tu, kama dakika kumi. Kwenye benchi la kusubiria watu wanakaa masaa matatu wanaangaliana, mtu mmoja akisimama akawaongoza wote kukunja ngumi na kuachia, itagharimu nini?

Gauni la sista bado lipo hapa, jingine, la mikono mifupi, nimelimaliza hajaja kulichukua. Nilitaka kumsomea hii barua kwanza anisahihishe ila nimeona nitachelewa.

Halafu nimejipima sasa hivi kabla ya kuikunja karatasi. Nchi nne na nusu. Nadhani ni kwa sababu ya kuwaandikia nyie.

Fundi wa barazani,
Majengo, Dodoma